Salamu ya Asubuhi Yaweza Kuokoa Shamba

Watu wengi hudhani ya kuwa wema ni kazi ya matajiri na wakubwa. Mtu husema, "Nikipata mali nitawasaidia jamaa na majirani," kisha hukaa akiingojea siku hiyo, na miaka hupita. Lakini atazamaye vizuri maisha ya kijijini ataona ya kuwa mambo yanayowafaa watu zaidi si zawadi kubwa zinazotolewa mara moja, bali ni mambo madogo yanayofanywa kila siku: salamu, shukrani, kurudisha kitu cha kuazima, na kutimiza ahadi. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hicho hakijazwi siku ya njaa, hujazwa kabla.

Asafiriye kutoka Kitale, akapita Kiminini na Kamukuywa hata kufika Bungoma, huona mahindi pande zote mbili za njia. Huko Bungoma wenyeji husalimiana kwa neno "mulembe," maana yake amani. Salamu hiyo haiishii hapo. Aliyesalimiwa huulizwa habari za watoto, za ng'ombe na za shamba, naye huuliza vivyo hivyo. Kijana mwenye haraka huona ya kuwa huko ni kupoteza wakati. Amekosea, maana ndani ya maswali hayo mna habari ambazo hazipatikani kwa fedha.

Mwaka 2017 wakulima wa Kitale na Bungoma walilijua jambo hilo kwa uchungu. Mwaka huo mdudu mgeni, aitwaye kiwavijeshi vamizi, aliingia katika mahindi ya Kenya. Asili yake ni Amerika, na katika Afrika alitambuliwa kwanza mwaka 2016. Nondo wake huruka usiku, na aweza kwenda makumi ya kilometa kabla ya mapambazuko. Hutaga mayai mia moja au zaidi kwa pamoja juu ya jani, na baada ya siku chache mayai huanguliwa. Kiwavi akiwa mdogo huuawa kwa urahisi, hata kwa kumponda kwa vidole. Akisha kukua huingia ndani kabisa ya moyo wa mhindi, akajiziba kwa kinyesi chake, na dawa inayonyunyizwa haimfikii.

Basi kati ya shamba kupona na shamba kuharibika mna siku chache tu. Mkulima mwenye desturi ya kulitembelea shamba lake mara mbili kwa juma, akafunua majani na kutazama, humwona adui mapema. Hilo ni jambo dogo. Na akisha kumwona, akapita kwa jirani na kumwambia, "Ndugu, tazama mahindi yako leo, usingoje kesho," amefanya jambo dogo la pili. Lakini aliyenuna na jirani yake kwa sababu ya jembe lililoazimwa lisirudishwe hapiti mlangoni pake. Hunyamaza, na nondo hawajui mpaka. Wakikua katika shamba la jirani watarudi katika shamba lake. Jembe moja lililosahauliwa laweza hivyo kuwagharimu watu wawili chakula cha mwaka mzima.

Katika nchi ya Kitale jambo hili lina uzito wa pekee. Katika miaka ya 1960 mashamba mengi ya walowezi yaligawanywa, na watu wa makabila mbalimbali wakaja kukaa bega kwa bega bila kujuana. Mtu hakuwa na shangazi wala mjomba karibu wa kumkimbilia usiku mtoto akiugua. Alikuwa na jirani tu. Palipo na ukoo mmoja, damu huwavuta watu. Pasipo na ukoo, ujirani hauna budi kujengwa kwa mkono, nao hujengwa kwa salamu, kwa kuazimana moto na chumvi, na kwa kuzikana.

Lifikapo vuno, kuanzia mwezi wa Oktoba, mahindi huanikwa juani juu ya maturubai. Yapasa yakauke hata unyevu usizidi asilimia 13.5, ndipo yatiwe katika magunia. Mara nyingi mwenye mahindi huwa amekwenda sokoni mvua inapokuja. Jirani aliyezoea kutazama upande wa pili wa ua huwaita watoto wake, wakayakunja maturubai, kisha wakarudi kazini mwao. Kazi hiyo ni ya dakika kumi. Faida yake si fedha tu, maana mahindi yaliyolowa huota ukungu, na ukungu waweza kuleta sumukuvu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki ya Kenya kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo.

Makarani nao wana shamba lao la wema, yaani meza ya ofisi. Mzee ametoka mbali kwa matatu, ametumia nauli aliyoipata kwa kuuza kuku, amesimama katika mstari tangu asubuhi. Akifika dirishani huambiwa, "Rudi kesho," bila kuelezwa kosa. Karani mwema hapotezi zaidi ya dakika moja kusema, "Mzee, karatasi hii haina sahihi ya chifu. Uipate kwanza, kisha ulete na kitambulisho chako." Wote wawili wamemnyima mzee alichotaka siku ile, lakini mmoja amempa njia, na mwingine amemwongezea mzigo. Mwenye kupewa njia huondoka na heshima yake.

Hata hivyo yafaa kuonya. Kumjulia jirani hali si kumchungua, na habari za nyumba ya mtu zilizopatikana katika salamu si za kupelekwa kilabuni. Tena wema unaohesabiwa hugeuka kuwa deni. Yule anayesema, "Nilikufunikia mahindi mwaka jana," amekwisha kuyafunua tena.

Tabia haijengwi kwa siku moja, wala haianzi na mambo makubwa. Kila nyumba ina kitu cha mtu mwingine kilichokaa zaidi ya siku zake: panga, sufuria, debe, au shilingi chache zilizokopwa. Mwenye nyumba na akitafute leo, akisafishe, akirudishe kwa mkono wake mwenyewe, wala asimtume mtoto. Afikapo mlangoni na asimame kidogo aulize habari za shamba. Huenda akasikia neno litakalookoa mahindi yake. Na asiposikia neno, amerudisha panga na kumpata jirani.