Panga ndilo linaloharibu nyama

Mwandishi, kwenye makala yako hapo uliposema paa akatwekatwe kwa panga nakupinga. Huku Mwanza paa simgusi, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inataka leseni na mimi jela siitaki, lakini mbuzi wa sikukuu nachinja mwenyewe nyumbani na maungo ni yale yale. Panga linapasua mfupa, vichembe vinaingia kwenye nyama, watoto wanatema na mbwa anashiba. Chukua kisu kidogo chenye makali, chezesha mguu huku unatafuta kiungo kwa kidole gumba, kata mishipa, paja linaachia lenyewe. Mkono ndio rahisi kabisa, haujaungana na kifua kwa mfupa, ni nyama tu, pitisha kisu kati ya bega na mbavu umemaliza. Ngozi nayo, ukishaianzisha kwa kisu malizia kwa ngumi, la sivyo utaitoboa na nyama itabaki juu yake. Na wewe kaka uliyeandika kwenye maoni kwamba kichwa na utumbo vitupwe, karibu Mwanza! Mji uliokula mapanki, yaani mabaki ya sangara, wakati minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya, leo utupe kichwa cha mbuzi? Kibabue motoni, kwangua manyoya, pasua, hiyo ni supu ya asubuhi. Kwangu kinachotupwa ni nyongo, tena itoe mapema pamoja na kijipande cha ini, maana ikipasuka humo ndani hata ndimu haisaidii.