Mtoto Aliyesomea Nyumbani na Mtihani wa Wote

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya mwaka 2006 chasema mambo mawili yanayoonekana kugongana: kwamba shule ya msingi ni ya lazima, na kwamba wazazi wana haki ya kuchagua namna ya kuwaelimisha watoto wao. Sisi hatuoni mgongano hapo. Tunaona swali: mtoto aliyefundishwa nyumbani na mama yake, au aliyejisomea kwa madaftari ya kaka yake, apimwe na nani, na wakati gani?

Ndugu vijana, msidhani swali hili ni la nchi za mbali. Huko Marekani wako wazazi wengi wanaowafundisha watoto nyumbani kwa hiari. Kwetu hiari hiyo ni adimu; nyumba hugeuka shule kwa sababu ya vita, ya kuhamia kambini, ya ugonjwa, ya ukosefu wa fedha, au kwa kuwa binti alipata mimba akaona haya kurudi darasani. Mwezi wa Machi 2020 Serikali yenyewe ilizifunga shule zote kwa ajili ya korona, na kila mzazi ajuaye kusoma akawa mwalimu. Waliorudishwa wa kwanza, mwezi wa Agosti, walikuwa wa madarasa ya mwisho, kwa kuwa hao walingojewa na mtihani.

Wako wasemao kwamba mtoto wa namna hii asipewe mtihani uleule wa wenzake, maana hakupata mwalimu aliyesomea kazi, wala ubao, wala vitabu. Wasema kwa huruma, nasi twawaelewa. Lakini huruma hiyo humdhuru. Mwanafunzi wa shule ana buletini yenye muhuri, ana mkurugenzi wa kumshuhudia, ana wenzake wa kujilinganisha nao. Mtoto wa nyumbani ana neno la mama yake tu, na neno hilo, hata liwe la kweli namna gani, halimfungulii mlango wa chuo kikuu. Ukimpa mtihani mwepesi wa peke yake, umempa pia cheti chepesi cha peke yake, na kila mwajiri atakisoma hivyo. Hata sisi makatekista, mtoto ajapo kuulizwa kabla ya Komunyo ya kwanza, hatumwulizi kama sala alifundishwa na babu yake kando ya moto au na sisi chini ya mwembe. Tunasikiliza kama anajua.

Kwa bahati nchi yetu haikuufunga mlango. Mtihani wa Serikali huwapokea pia watahiniwa waliojisomea, tuwaitao otodidakti. Wao hupitia kwanza majaribio ya awali. Wakiyashinda huingia pamoja na wanafunzi wa shule: kwanza insha ya Kifaransa, halafu siku nne za maswali ya kuchagua jibu, yaani maarifa ya jumla, sayansi, lugha na masomo ya tawi lao. Anayefaulu hupata diploma ileile, na mtaani humwagiwa pauda nyeupe ileile kichwani. Vilevile watoto waliopitwa na umri wana vituo vya kufidia masomo, ambako miaka 6 ya shule ya msingi hubanwa kuwa 3, na mwishoni hufanya mtihani uleule wa taifa.

Basi shida iko wapi? Iko katika wakati. Mtoto aliyejifunza vibaya kugawanya akiwa na miaka 9 atalijua hilo akiwa na 12, mbele ya karatasi ya taifa, bila mtu yeyote wa nje kumtazama katikati.

Jimbo la Oregon, huko Marekani, lina sheria tunayoiona ya busara. Mwisho wa darasa la 3, la 5, la 8 na la 10, mtoto asomeaye nyumbani hupewa mtihani sanifu na mtu mwenye sifa asiye na upande, wala si mzazi wake. Akionekana yuko chini sana, hupimwa tena katika mwaka unaofuata. Akizidi kushuka, ndipo wakuu wa elimu waweza kumweka chini ya uangalizi wa mwalimu mwenye cheti. Texas haidai mtihani wowote, na wapo wanaousifu uhuru huo. Sisi hatuusifu. Haki ya mzazi ya kufundisha haikuwa kamwe haki ya kutojua kama mtoto ameelewa.

Hatutazamii wakaguzi wa Serikali wazunguke majumbani kesho. Lakini katika kila kikundi chenu wapo waliosoma tawi la ualimu, na ukumbi wa parokia huwa mtupu mchana siku za juma. Tayarisheni maswali ya kusoma, kuandika na hesabu kwa kufuata programu ya taifa, ya darasa la 3 na la 5, muwaite watoto wa mtaa wasiokwenda shule. Aliyemfundisha mtoto asiwe ndiye amsahihishaye. Maswali ya kuchagua jibu hayatoshi, maana mtoto mwerevu hubahatisha. Mwacheni aandike sentensi tano na asome kwa sauti. Matokeo wapewe wazazi peke yao, yakionyesha ni wapi mtoto amekwama. Yasibandikwe mlangoni mwa kanisa. Na msitoze kitu, hata kwa jina la karatasi. Tunaijua desturi yetu: malipo ya karatasi huzaa malipo ya kalamu, na ya kalamu huzaa ya msahihishaji.

Linabaki jambo la lugha, nalo ndilo gumu kuliko yote. Mama hueleza hesabu kwa Kiswahili, lakini karatasi ya mwisho huandikwa kwa Kifaransa, na mtoto aweza kuijua hesabu yote akashindwa na swali lake. Kwa hiyo darasa la 3 wapimeni kwa Kiswahili, la 5 kwa Kifaransa, na katika miaka hiyo miwili mpeni kila mtoto mtu wa kuzungumza naye Kifaransa, hata kama ni saa moja tu kwa juma, baada ya mazoezi ya kwaya.