Mulango ukiwa wazi, bado tunapiga hodi

Wandugu wachimbaji, bababa na bamama wa kampi,

Siku hizi malalamiko yanayofika kwa delege wa sindika si ya mushahara na posho tu. Kuko ingine: wifi. Mufanyakazi analipa forfe ya mwezi, anarudi toka posti ya usiku, anataka kuangalia ratiba ya kazi ku telefone, anakuta mega zimeisha. Kumbe lupango tatu za jirani zilikuwa zinakunywa pale. Na kijana akiulizwa, jibu ni moja: "Aba, haina kode! Njo kusema ni ya wote."

Sisi tunasema hapana. Robine ya jirani nayo haina kufuli, lakini kila mama mu kampi anajua kazi yake: unapiga hodi, unaomba, na mwisho wa mwezi unatoa kitu kidogo kwa fakitire. Wifi ni vile vile. Anayelipa kwa mega, unamumalizia mega. Anayelipa kwa mwezi bila kipimo, mukijaa pale watu kumi, kila mutu anapata kipande, na yeye mwenyi kulipa anabakia anangoja.

Tuseme pia ukweli: wengi wanaingia kwa jirani kwa sababu wifi yao wenyewe inawasumbua. Basi tuanzie kwetu.

Kwanza, jua ugonjwa uko wapi. Simama karibu na modeme, mita mbili. Kama pale inaenda muzuri na mu chumba cha mwisho haiendi, shida ni mawimbi ndani ya nyumba. Kama hata karibu haiendi, angalia mega zilizobakia. Kiisha toa modeme ku umeme, hesabu nusu dakika, rudisha, ngoja dakika mbili ao tatu. Ikikataa bado, njo saa ya kuita kompani ya telefone.

Pili, pahali pa kuiweka. Mawimbi hayapiti mu chuma. Modeme nyuma ya frigo ao mu kabati la chuma iko mu boloko. Iweke juu, katikati ya nyumba. Ile ya karte SIM ni habari ingine: sharti kwanza isikie antene ya inje, kwa hiyo iweke karibu na dirisha, mbali na manjanja. Na modeme nyingi zinatoa wifi mbili: ya gigahertzi 2,4 inapita ukuta kwa urahisi zaidi, ya 5 inakimbia zaidi lakini inachoka mbio ikikuta matofali. Ku chumba cha mbali, shika ya 2,4.

Tatu, umeme. Ukikatika, chomoa modeme. Ukirudi, ngoja kidogo mbele ya kuichomeka, kwa sababu umeme ukirudi kwa nguvu unaunguza mashine.

Ine, kode. Ile iliyoandikwa chini ya modeme, ibadilishe. Usiweke jina la mutoto wala mwaka wa kuzaliwa. Mu reglaje chagua WPA2 ao WPA3. WEP ni kufuli ya zamani, inavunjika mbio. Modeme inaonyesha pia orodha ya telefone zilizoingia. Ukiona usiyoijua, badilisha kode tena.

Hii si uchoyo. Mutu akitumia wifi yako kudanganya watu, alama zinarudi kwanza kwa jina lililoandikwa ku abonema, na jina lile ni lako. Na kwa vijana wanaojisifu kuvunja kode za wengine: tangu tarehe 13 Machi 2023 inchi yetu iko na Kode ya Numerike, na inaazibu mutu anayeingia kwa hila mu mashine za wengine. Si muchezo.

Kuko pia mutego. Mwizi anaweza kufungua wifi bila kode na kuipa jina la oteli ao la kompani. Ukiingia, anakutolea ukurasa wa kuomba namba yako ya siri. Usiiandike hata siku moja. Kwa kutuma feza, tumia zile namba fupi za telefone: zile hazipiti ku wifi.

Sasa wifi ya kompani, ile inayotuhusu sana. Ikiwa imeruhusiwa kwa kazi, ni ya kazi. Barua za azabu tunapokea za kutosha. Tusiongeze ingine kwa sababu ya filme. Na tujue hii: mwenyi wifi anaweza kuona telefone gani imeingia, saa gani, na imeenda ku site gani. Ujumbe uliofungwa muzuri hawezi kuusoma, lakini kujua nani anasemezana saa gani ni habari kubwa. Mambo ya sindika yapite kwa mega zetu wenyewe.

Na jirani asiye na uwezo? Tunapendekeza likelemba ya wifi. Nyumba tatu ao ine zinazokaribiana, kama kontra ya abonema inaruhusu, zichange kila mwezi. Majina yaandikwe. Mwenyi abonema afungue wifi ya wageni yenye kode yake, ikiwa modeme yake inaweza. Saa za magaribi tuachie watoto wa masomo, filme zingoje usiku. Anayehama, kode inabadilishwa. Na mutoto anayetayarisha Exetat apewe bure, lakini apewe: zawadi inatoka ku mukono ya mwenyi kitu.

Kwa kompani, tutaweka swali hili ku meza wakati wa kuzungumza juu ya makao ya wafanyakazi. Leo habari za kazi zinapita ku telefone, na mutu asiye na mega anachelewa kuzipata. Lakini hatutaweza kudai haki yetu kwa wakubwa kama sisi kwa sisi tunanyanganyana mega usiku. Jumapili hii, kila nyumba iangalie modeme yake. Na anayeingia kwa jirani bila kusema, apite kwake mchana, aseme.