Bega Lililoteguka: Nani Mwenye Uamuzi?

Muhula wa kwanza ndio msimu wa raga ya wachezaji 15 na wa magongo katika shule zetu za upili, na kila mwaka, tangu Kitale hadi Bungoma, hakosekani mwanafunzi anayerudi bwenini mkono wake umetungikwa shingoni. Wenzake husema bega "limetoka". Mwalimu wa michezo husema atakuwa uwanjani baada ya majuma mawili. Mama mtu, akipata habari kwa simu, huuliza kama yule mzee mkandaji wa kijijini yungali hai. Miezi michache baadaye bega hutoka tena, safari hii kijana akinyoosha mkono tu kuteremsha kitabu rafuni, na ndipo upasuaji unapotajwa kwa mara ya kwanza. Nionavyo mimi, uamuzi huo mzito aghalabu hukatwa na wasiokuwa wenyewe, kwa lugha isiyoeleweka, ama kwa pupa ama kwa hofu.

Tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi yangu. Kiswahili kina kitenzi murua kwa jambo hili. Mwindaji hutega mtego, akiufungua, ameutegua. Kitendawili nacho hutegwa na kuteguliwa. Kiungo kikiondoka mahali pake, kimeteguka. Lakini tazama jinsi sisi wasemaji tunavyolitumia neno hilo. Kifundo cha mguu kilichovimba baada ya kukanyaga shimo, twasema kimeteguka. Bega ambalo mfupa wake umetoka kabisa, twasema vivyo hivyo. Maradhi mawili yasiyolingana yamevishwa kanzu moja, na mzazi anayesikia "ameteguka" hana sababu ya kushtuka. Isitoshe, kauli hii ya kutendeka haimtaji mtenda. Bega limeteguka lenyewe! Aliyemrudisha kijana mchezoni kabla ya wakati haonekani popote katika sentensi hiyo.

Bega ndicho kiungo kikubwa kinachotoka mahali pake mara nyingi zaidi kuliko vingine vyote mwilini. Sababu yake ni umbo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama chungwa, na kikombe kilicho katika kombe la bega ni kidogo na chenye kina kifupi, mithili ya kisahani. Nyonga imezama ndani ya mfupa. Bega limeegemea tu, likashikwa na kano, misuli na ukingo laini unaozunguka kisahani kile. Ndiyo maana twaweza kurusha mpira, kupanga magunia ya mahindi ghalani na kujikuna mgongoni. Chungwa linapochomoka, mara nyingi kwa upande wa mbele, huubandua ukingo ule, na pengine huvunja kipande cha kisahani chenyewe. Bega likirudishwa, maumivu hupungua mara moja, na kila mtu hudhani kazi imekwisha. Ukingo uliobanduka haujarudi.

Je, basi, kijana apasuliwe? Hapa ndipo wengi hutaka jibu la ndiyo au la, na hapa ndipo utafiti unapotutaka tuwe na subira. Huko Kanada, daktari Alexandra Kirkley na wenzake walichapisha mwaka 1999 matokeo ya kuwafuatilia vijana 40 waliokuwa chini ya umri wa miaka 30 na ambao bega lilikuwa limewatoka mara ya kwanza. Baada ya miaka miwili, bega lilikuwa limewatoka tena kiasi cha 47 kwa kila 100 wa wale waliotungikwa mkono na kufanyishwa mazoezi, ilhali kwa waliopasuliwa mapema walikuwa 16 hivi kwa kila 100. Msomaji wa haraka atasema mjadala umefungwa. Lakini nchini Uswidi, Lennart Hovelius na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wao kwa miaka 25, wakatoa taarifa mwaka 2008: kati ya walioumia wakiwa na umri wa miaka 12 hadi 25 na wasipasuliwe, takribani nusu bega halikuwarudia, au lilitulia kadiri miaka ilivyopita. Kwa maneno mengine, ukimpasua kila kijana siku ya kwanza, utawapasua wengi ambao wangepona bila kisu. Ukimwacha kila mmoja, utawaacha wengi wakiishi na bega lisiloaminika, na kila linapotoka huzidi kuumeza ule mfupa.

Kwa hiyo swali la maana si kama upasuaji ni mzuri au mbaya. Bega limetoka mara ngapi? Picha inaonyesha mfupa umelika? Mwenye bega ana miaka mingapi, naye anataka kuutumia mkono wake kwa kazi gani? Mchezaji wa raga wa miaka 17 pale Kamusinga, ambaye bega limemtoka mara tatu, si sawa na karani wa miaka 45 aliyeanguka kwenye bodaboda mara moja njiani kwenda Kiminini. Huyu wa pili si rahisi bega limrudie, ingawa yampasa kuchunguzwa kama misuli imekatika. Na mwanafunzi aliye tayari kuacha raga akabaki na mbio ana njia ya tatu, ambayo sijawahi kusikia ikitajwa katika ofisi ya michezo: mazoezi ya dhati ya misuli, chini ya mtaalamu, kwa miezi kadhaa.

Upasuaji wenyewe si jambo geni. Mwingereza Bankart aliueleza ukingo uliobanduka mwaka 1923, na hadi leo madaktari huushona kwa kufuata fikira yake. Mfupa ukiwa umelika, wengine huhamisha kipande cha mfupa wa jirani na kukikaza pale mbele, kama alivyofanya Mfaransa Latarjet mwaka 1954. Hatari zipo: uambukizo, bega kukakamaa, neva kuguswa, na hata bega kutoka tena. Mkono hutungikwa kwa majuma manne hadi sita hivi, na michezo ya kukabana husubiri miezi minne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Walimu wazitazame hesabu hizo kando ya kalenda ya mitihani. Kijana anayeandika kwa mkono wa kuume na aliyepasuliwa bega la kuume mwezi mmoja kabla ya mtihani wa kitaifa ametendewa jambo la ajabu, hata kama kisu kilikuwa cha fundi hodari.

Kuhusu mkandaji sitasema mengi. Kulivuta bega bila eksirei kwaweza kuvunja mfupa uliokuwa mzima au kuumiza neva. Apelekwe hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe Kitale au Bungoma, na ikihitajika aelekezwe Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Linalobaki ni haki ya kuelezwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa. Tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Hata hivyo, mzazi mkulima angali anaweza kuwekewa fomu ya ridhaa ya Kiingereza mtupu na kuonyeshwa kidole mahali pa kutia sahihi. Idara zetu za Kiswahili, ambazo hutoa wahitimu kila mwaka, zingeweza kuitafsiri fomu hiyo kwa juma moja. Shule nazo zingeweza kumwita mzazi kabla ya kumwita kocha, na kumkumbusha aulize mapema bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani. Na kijana mwenyewe aketi katika mazungumzo hayo, aulizwe, hata kama bado hajafika umri wa kutia sahihi.