Abonema moja, wachezaji nane: faida iko, lakini ufunguo anashika nani?

Nintendo Switch Online, kwa bei ya Marekani, ni dola 19,99 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Ile ya familia ni dola 34,99, na inabeba akaunti hadi 8. Watu wawili tu wakiungana, tayari faida iko. Wakiwa 8, kila mmoja anatoa dola 4 na kitu.

Ni kama likelemba, lakini hapa zamu haizunguki: mwenye kulipa ndiye anasimamia kundi mwaka muzima. Mukigombana, anaweza kukutoa, na makuta yako yamekwenda. Tena mega za intaneti hazimo: kila mutu anajinunulia zake.

Basi ndugu musikilizaji, mupatane mbele ya kulipa, hata kama ni watoto wa nyumba moja.