Msimwambie binti achague

Kwenye kicheni pati, zawadi za sufuria na vyombo zikishakabidhiwa, huja zamu ya somo, yaani kungwi. Bibi harusi huketishwa katikati ya ukumbi na kufundwa: aamke kabla ya mume, chakula cha mume asimwachie dada wa kazi, na mambo ya ofisini ayaache huko huko ofisini. Anayetaka kulitia neno nguvu huongeza methali: mshika mawili, moja humponyoka. Ukumbi unapiga vigelegele. Binti mwenyewe ana shahada, ana ajira, pengine kachangia gharama za ukumbi huo huo, na anaambiwa mbele ya mama zake kwamba kazi na familia havikai pamoja.

Imani hii ni ya uongo, na inawaumiza watoto wetu.

Wanaoitetea huiita mila. Mila ya nani? Bibi zetu walilima kwa jembe la mkono, mtoto yuko mgongoni. Walipalilia, walivuna, walichota maji, jioni wakapika. Hata mjini hali ilikuwa hiyo. Wengi wa wanawake waliomfuata Bibi Titi Mohamed kujiunga na TANU kuanzia mwaka 1955 walikuwa na biashara zao ndogo: walipika maandazi na samaki wa kuuza, wengine pombe. Hawakuambiwa wachague kati ya biashara na watoto, kwa sababu biashara ndiyo iliyowalisha watoto. Mama lishe wa leo anaishi vivyo hivyo, na sijasikia mtu akimlaumu kwamba anavunja familia. Lawama tunamwekea binti aliyesoma.

Kilichobadilika ni mahali pa kazi. Shambani mtoto alilazwa kivulini, mama akamfikia kwa hatua chache. Ofisini na kiwandani mtoto hana pa kukaa, na huko ndiko ugumu ulikoanzia.

Tazama sheria zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kliniki anaambiwa mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Wiki 12 zikiisha, mtoto bado anadai karibu miezi mitatu ya kunyonya tu, na mama ameshaitwa kazini. Sheria hiyo hiyo inamruhusu kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi. Kifungu kizuri sana. Lakini mama anayefanya kazi Posta na kuishi Chanika atamnyonyesha nani? Mtoto yuko Chanika. Kwa foleni za Dar es Salaam, saa mbili huenda zikaisha kabla hajafika nyumbani. Kwa hiyo anaomba atoke mapema, na bosi mwenye roho nzuri anakubali. Asiye na bosi wa namna hiyo anakamua maziwa chooni na kuyamwaga, katika jengo lenye ukumbi wa mikutano na maegesho ya magari, lisilo na chumba kimoja chenye kiti na jokofu. Mama huyo akichoka, akaacha kazi, tunasema: mliona, tulisema hawezi.

Na baba je? Sheria hiyo ilimpa angalau siku tatu. Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya mwaka 2007, baba ana wiki mbili. Siku tatu zinaisha wakati mke aliyejifungua kwa upasuaji bado anashindwa hata kuinuka kitandani bila msaada. Tumemwondoa baba nyumbani kwa maandishi ya sheria, kisha tunasimama kwenye kumbi kutangaza kwamba malezi ni ya mama kwa asili.

Wapo wanaonijibu kwa mfano wa Wangari Maathai, msomi wa Kenya ambaye ndoa yake ilivunjika. Ndoa za wanaume viongozi zimevunjika pia, nyingi tu, na hakuna aliyezitumia kama hoja ya kuwakataza wavulana kusoma. Rais Samia Suluhu Hassan alianza kazi akiwa karani mwaka 1977, akaolewa mwaka uliofuata, akazaa watoto wanne, akafika Ikulu mwaka 2021. Basi mifano ya watu wakubwa haimsaidii anayetaka kumrudisha binti jikoni.

Kuna binti mwingine ambaye mjadala huu humsahau. Familia nyingi za mjini zimepata nafuu kwa kumleta msichana kutoka kijijini. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, analea mtoto wa mwenzake. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 ilimwekea kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi akiwa analala kwa mwajiri. Naye ni binti, naye anatamani kazi yenye heshima na nyumba yake siku moja. Mimi siiti usawa hali ambayo msomi anakwenda ofisini kwa sababu mwenzake amekosa hata siku ya kupumzika. Mwajiri wa kwanza wa kurekebishwa ni sisi wenyewe.

Binti anayetaka kubaki nyumbani na wanawe abaki, sina neno naye, mradi ameamua mwenyewe. Ila wengi ukiwasikiliza hawaombi makubwa. Wanataka kazi, wanataka watoto, na wanataka mume anayejua kumwogesha mtoto na kupika uji bila kusubiri kusifiwa.

Enyi masomo, mwiteni na bwana harusi afundwe. Waajiri, tengeni chumba. Nanyi wabunge, mwaka 2025 mlirekebisha sheria ili mama wa mtoto njiti aongezewe likizo, na mlifanya vema. Rudini kwenye kifungu cha baba mkiandike upya: siku tatu hazitoshi, anzieni wiki mbili.