Anayehesabu Mabehewa Si Mzururaji

Wahenga walinena kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi. Hapa shuleni nimeitwa mzururaji, nimeitwa mwehu, na kuna wenzangu wa Kidato cha Tatu walionibatiza Bwana Stesheni, jina ambalo sasa hata wa madarasa ya chini wanalijua. Kisa na maana? Jumamosi na siku za likizo mimi huenda kando ya reli kutazama magarimoshi ya mizigo. Huyapiga picha, huhesabu mabehewa, kisha huandika katika daftari saa lilipopita, upande lilikoelekea, namba ya injini na mzigo uliobebwa. Basi, kosa langu ni hilo.

Katika makala haya sitaki kulilia majina. Jina halimpasui mtu kichwa. Nataka kutoa hoja moja tu: kwamba shughuli hii ni elimu, tena ni kumbukumbu ya nchi, na kijana anayeifanya kwa adabu na kwa tahadhari apewe ruhusa badala ya kufukuzwa kama mwizi wa kuku. Walimu wangu, nawaomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjatoa hukumu.

Kwanza tukumbuke tunaishi wapi. Mji wetu wa Voi umekuzwa na reli. Ujenzi wa reli ya zamani ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Leo tuna njia mbili. Iko ile ya zamani, ambayo upana kati ya chuma na chuma ni mita moja kamili, na iko hii mpya ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435. Reli mpya ilianza kubeba abiria tarehe 31 Mei 2017, na mizigo ikafuata Januari 2018. Kila mtu aliyekulia hapa atakusimulia habari za simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, tena atazitia chumvi mpaka usiku ulale bila usingizi. Lakini hebu muulize garimoshi lililopita jana jioni lilibeba nini na likaelekea wapi. Atakutazama kama umemwuliza idadi ya nywele zake! Tunawajua simba waliokufa zamani kuliko tunavyojua mali inayotupita mlangoni kila siku.

Sasa, garimoshi la mizigo linafundisha nini? Linafundisha mengi, ndugu zangu. Simama mahali salama ulitazame la SGR likipanda kutoka Mombasa. Utahesabu mabehewa hamsini na zaidi, makontena yamepangwa toka mwanzo hadi mwisho. Kisha usiondoke. Ngoja lile linaloteremka kwenda baharini. Mara nyingi mimi huona mabehewa matupu kabisa, sakafu zake wazi, yanapiga kelele kama madebe. Mwalimu wetu wa Jiografia alipotuambia kwamba nchi yetu hununua vitu vingi kutoka ng'ambo kuliko inavyouza, wengi waliandika sentensi ile ili wafaulu mtihani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuiona kwa macho yangu mawili, imepanda ikiwa imejaa na kuteremka ikiwa tupu.

Tena yako magarimoshi ya reli ya zamani, ambayo kwangu mimi ndiyo matamu zaidi. Haya hayana haraka. Unaisikia injini ikinguruma mbali kabla hujaiona, na ukiwa na mazoea utajua kwa mngurumo tu kama limebeba mzigo au linarudi bure. Hapo utaona matangi ya mafuta, mabehewa yaliyofunikwa na mengine yaliyo wazi. Wako wanaodhani magadi ni ya kuivishia maharagwe tu. Kumbe magadi ya Ziwa Magadi huletwa kwa reli hadi Konza, na kutoka hapo husafirishwa mpaka Mombasa, yakatumike viwandani kutengenezea vioo na chupa. Soda unayoinywa dukani, huenda chupa yake ilianzia ziwani kule. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Na kwa nini mizigo mingine ibadilishe gari njiani? Hilo nalo nililijua kwa kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Behewa la reli mpya haliwezi kukanyaga reli ya zamani, kwa kuwa magurudumu yake yameachana zaidi. Reli mpya ilipofikishwa Suswa, upande wa Naivasha, mwaka 2019, kontena la kwenda Uganda kwa reli ya zamani lilihitaji kuinuliwa kutoka behewa moja na kuwekwa juu ya behewa jingine. Kazi hiyo ni muda na ni pesa. Kwa hiyo tofauti ya milimita 435 tu, ambayo haifiki nusu ya rula ya mwalimu ya ubaoni, inamgusa mwenye duka kule Kampala.

Haya si mambo madogo kwetu. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru makontena yaende bara kwa SGR, watu waliandamana Mombasa, kwa sababu malori yalikuwa yanakosa kazi. Mwaka 2022 Rais William Ruto akatangaza kurudisha bandarini shughuli za kutoa mizigo. Mpaka leo, ukikaa kwenye kibanda cha chai, utasikia wazee wakibishana. Huyu anasema treni zinapita zimejaa pomoni, yule anaapa zinapita tupu. Sauti zinapanda, chai inapoa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuhesabu! Mimi siku moja nilifungua daftari langu nikawasomea treni za wiki mbili za likizo, zilizopanda na zilizoshuka. Sikusema nani ameshinda, lakini walinyamaza kidogo wakasikiliza, na mzee mmoja akanilipia chai. Huo ndio uzito wa daftari.

Nije kwenye kumbukumbu. Zamani mizigo mizito kati ya Mombasa na Nairobi ilivutwa na injini za mvuke aina ya Garratt zilizopewa namba za 59. Zilikuwa 34, ziliundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilizidi tani 250, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilipita hapa hapa Voi. Leo zimesalia mbili tu, Mount Gelai na Mount Shengena, nazo ziko Nairobi katika Makumbusho ya Reli. Nyingine zote zilikwisha. Hebu fikiri, milima thelathini na miwili imetoweka, na sisi wenyeji wa njia yake hatuna hata picha moja ukutani!

Tunajuaje basi habari zake? Tunajua kwa sababu wako watu waliosimama kando ya reli wakaandika na kupiga picha, kama hawa mnaowaita wehu. Kevin Patience alitoa kitabu chake Steam in East Africa mwaka 1976, na mpaka sasa wanaotafuta habari za injini zile hukitegemea. Wakati reli inajengwa, mpiga picha William D. Young alipiga picha nyingi za kazi ile, na ndizo tunazoziona vitabuni. Nawashukuru wote wawili. Lakini nauliza: picha za reli yetu zitapigwa na wageni mpaka lini? Mgeni hupiga kinachomvutia yeye. Hatampiga mama anayeuza ndizi stesheni, wala fundi anayekaza misumari ya mataruma juani saa saba. Sisi tunawajua watu hawa, wengine ni baba zetu na mama zetu.

Injini za dizeli za namba 93, zilizoundwa na General Electric ya Marekani, zimekuwa zikivuta mizigo katika reli ya zamani tangu miaka ya 1970. Hizo nazo hazitadumu milele. Tusipozipiga picha sasa, wajukuu wetu watatuuliza tulikuwa wapi.

Najua hoja za wapinzani wangu, nami sitazikwepa.

Wa kwanza wanasema ni hatari. Ni kweli, reli si uwanja wa kuchezea. Garimoshi la mizigo la SGR hukimbia hadi kilomita 80 kwa saa, na likiwa na mzigo, dereva hata afunge breki kwa nguvu zote, litahitaji kama kilomita nzima kusimama. Halina usukani wa kukukwepa. Ndiyo maana nina sheria zangu: sivuki ua, sikanyagi mataruma, sisimami darajani panapopita treni, sipigi picha huku nikirudi kinyumenyume, wala siendi peke yangu. Lakini jamani, hatari kubwa iko kwa wale wanaotembea juu ya reli kila asubuhi wakija shule kwa njia ya mkato, masikioni wameziba kwa nyimbo. Hao hamuwaiti wehu?

Wa pili wanasema ni kupoteza wakati. Kuna wanaoshinda Jumamosi nzima wakibishana kuhusu timu za Uingereza ambazo hawatazitia machoni maisha yao yote. Hiyo ni starehe yao, siwakatazi. Na yangu ndiyo hii, tena inaniletea Hisabati, Jiografia na Historia bila kulipia masomo ya ziada.

Wa tatu wanasema ni jambo la usalama. Hapa ndipo penye kidonda. Mwaka jana mlinzi mmoja alinikuta nimesimama kando ya barabara ya watu wote, mbali na ua. Akaninyang'anya simu, ambayo ni ya kaka yangu, na kuuliza, "Wewe kijana, umetumwa na nani?" Nikamjibu, "Sijatumwa, mzee. Nayapenda tu." Akacheka, akafuta picha zote zilizokuwamo, na pamoja na treni zikaenda picha za arusi ya dada yetu. Kaka hakunisemesha kwa wiki nzima, na dada hadi leo akikumbuka hujifuta macho. Mlinzi yule ana kazi yake na naiheshimu. Angeniuliza, ningemwonyesha daftari. Angenifukuza, ningeondoka. Ila kufuta picha za watu bila hata kuzitazama kumelinda reli gani?

Tena mwizi wa reli haji na daftari. Mwaka 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku kwa muda biashara ya vyuma vikuukuu kwa sababu mali ya umma ilikuwa inang'olewa na kuuzwa. Anayeng'oa chuma cha reli huja usiku akiwa na nyundo. Anayeipenda reli huja mchana, na ndiye wa kwanza kuona kwamba kipande kilichokuwapo Jumamosi iliyopita leo hakipo. Mtu wa namna hiyo ni mlinzi asiyelipwa mshahara.

Mwisho, nawageukia wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, maana hili linatuhusu sisi hasa. Neno taruma nililisikia kwa mzee jirani yetu, mstaafu wa reli, si kwa kitabu. Nilikuwa nikisema "zile mbao za chini," na yeye akacheka akasema, "Mjukuu wangu, yale ni mataruma, na siku hizi mengi si ya mbao." Kwa alasiri moja alinipa maneno mengi ambayo sijayaona katika kitabu chochote cha shule. Wazee wa namna hii wanapungua. Akienda mmoja, ameondoka na kamusi.

Kwa hiyo nina maombi matatu, wala si makubwa. Kwanza, shule iwape wanafunzi wenye hamu hii barua yenye muhuri, ili tukisimamishwa tujulikane tumetoka wapi na tunafanya nini. Pili, Chama chetu kiende mara moja kwa muhula, pamoja na mwalimu, tukawahoji wazee wa reli na kuandika maneno yao pamoja na picha, tuyahifadhi maktabani. Tatu, wakubwa wanaosimamia walinzi, popote walipo, wawafunze kutofautisha kijana mwenye daftari na mwizi mwenye nyundo.

Na ninyi mnaoniita Bwana Stesheni, karibuni Jumamosi. Leteni kofia na maji ya kunywa, jua la Voi mnalijua. Sitawalazimisha kuipenda reli. Hesabuni mabehewa ya garimoshi moja tu linalopanda na moja linaloshuka, kisha mniambie kama hamkujifunza kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali inayopita Voi kila siku ni nyingi mno kuachwa ipite bila hata mtu mmoja wa kuiandika.